Albamu ya Mwanamaji Mwanariadha: Namna ya Kuitengeneza Kutoka Sanduku la Makaratasi

Maswali ya wanaoanza ni yaleyale. Nianze na picha au na vyeti? Medali nizibandike wapi? Vipande vya gazeti vilivyogeuka rangi ya chai nivifanyeje? Mara nyingi anayeuliza ameachiwa sanduku la mzee aliyetumikia jeshi la majini na kukimbia katika timu ya kikosi chake. Ndani yake mna picha za manowari, kadi za matokeo, utepe wa kofia, barua, namba za kifuani, nishani na medali zilizosokotana tepe. Mwongozo huu unafuata kazi yenyewe hatua kwa hatua. Kama maisha hayo ni yako mwenyewe, hatua ni zilezile, ila wewe una bahati ya kujiuliza na kujijibu.

Kuna mambo mawili ya kukubali kabla hujagusa kitu.

La kwanza: bahari na uwanja viende katika mstari mmoja wa miaka. Wengi hugawa albamu nusu kwa nusu, jeshi mbele na michezo nyuma, na hapo ndipo maisha ya mtu yanapokatika vipande. Mwaka usio na matokeo hata moja huenda ndio mwaka meli ilikuwa safarini. Muda wa mbio ulioboreka ghafla huenda ulifuata uhamisho kwenda kituo cha nchi kavu chenye uwanja na kocha. Ukiweka amri ya uhamisho na kadi ya matokeo kwenye ukurasa mmoja, msomaji ataona uhusiano huo mwenyewe bila wewe kuueleza.

La pili: kama sandukuni mna albamu aliyoibandika mhusika kwa mkono wake, usiivunje. Mpangilio wake ni ushahidi. Alichokiweka mbele, alichokikata na alichokiandika pembeni ni sauti yake. Piga picha kila ukurasa, itunze nzima, kisha tengeneza albamu mpya kwa nakala.

Vitu vya kuandaa

Hesabu hii ni ya albamu ya kurasa 40, yaani karatasi 20 zinazotumika pande zote mbili, yenye vitu 100 hivi.

- Albamu ya skurubu, sentimita 30 kwa 30. Ya skurubu hufunguka ukaongeza karatasi katikati. Iliyoshonwa haikupi nafasi hiyo, na wewe utaongeza tu, maana vitu huendelea kujitokeza.
- Karatasi nene 25 (tano ni za akiba), gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba, zisizo na asidi wala lignini (kitu cha asili cha mti kinachogeuza karatasi rangi ya kahawia). Kama kipimo cha pH kimeandikwa kwenye pakiti, tafuta kati ya 7 na 8.5.
- Vipembe vya karatasi vya kushikia picha, 400. Kila picha hutumia vinne.
- Mifuko angavu 30 ya poliesta au polipropilini. PVC usinunue. Hutoa gesi yenye asidi na hunata kwenye picha. Utaitambua kwa harufu kali ya plastiki mpya.
- Karatasi laini nyembamba isiyo na asidi, shiti 40, za kutenganisha kurasa.
- Penseli ya 2B, kifutio cheupe, na kalamu ya wino wa pigmenti usioyeyuka kwa maji.
- Brashi laini, kijiti bapa cha plastiki au chuma chembamba, uzi wa kusafishia meno, lenzi ya kukuzia.
- Glavu za nitrile za kushikia nishani, medali na negativu. Kwa karatasi, mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri inatosha na ni bora zaidi, kwani glavu nene huchana kingo.
- Skana ya mezani yenye kioo, na diski mbili za nje.
- Sanduku gumu lisilo na asidi, la nishani, medali na vitu vinene.

Gundi ya mpira, selotepu, stepla na albamu za kurasa za kunata zisiingie chumbani. Selotepu huacha doa la kahawia lisilotoka. Zile kurasa za kunata zenye nailoni juu, ambazo zilivuma sana miaka ya 1970 na 1980, zimeharibu picha nyingi za familia: gundi yake hukauka na kugeuka kama saruji.

Hatua za kazi

1. Piga picha sanduku lilivyo. Kabla ya kutoa kitu, piga picha ya juu, kisha ya kila tabaka. Vitu vilivyokuwa bahasha moja vipe alama moja: A1, A2, A3. Picha isiyo na maandishi iliyokutwa ndani ya bahasha yenye muhuri wa posta wa Machi 1953 imekwisha kukupa dokezo. Ukiitoa na kuichanganya na nyingine, dokezo limekwenda.

2. Ondoa chuma na mpira. Toa klipu, pini, stepla na vipira vya kufungia. Kwa stepla, geuza karatasi, ingiza kipande cha plastiki ngumu chini ya miguu yake, inua mguu mmoja kwa kijiti bapa, kisha wa pili, halafu geuza na uivute juu kwa mkono. Kile kifaa chenye meno cha ofisini hupasua karatasi ya zamani. Namba za kifuani huwa na kutu kwenye matundu manne ya pini. Kutu hiyo iache. Ukiijaribu kwa maji au dawa, doa litatambaa, na wino wa namba unaweza kuyeyuka.

3. Chora mgongo wa miaka. Fungua jedwali kwenye kompyuta au daftari lenye safu hizi: tarehe, mahali, meli au kituo, cheo, mashindano, matokeo, kitu nilichonacho, nimejuaje. Jaza nyaraka za utumishi kwanza, kwa sababu ndizo zenye tarehe rasmi za kuandikishwa, kupanda cheo, kuhamishwa na kuachishwa. Kwa aliyetumikia jeshi la Marekani, hati kuu ya kuachishwa tangu 1950 ni DD 214. Mabaharia wa kawaida wa Uingereza wa zamani wamo katika madaftari ya mfululizo wa ADM 188, katika hifadhi ya taifa ya nyaraka huko Kew, London. Ukishamaliza nyaraka, tundika michezo juu ya mgongo huo.

Hapa pana mtego wa tarehe. 6/7/1951 kwa Mmarekani ni tarehe 7 Juni, na kwa wengine wengi ni tarehe 6 Julai. Angalia hati hiyohiyo kama ina tarehe nyingine yenye namba zaidi ya 12. Hiyo itakuonyesha mpangilio wake. Katika jedwali lako andika mwaka kwanza: 1951-07-06.

Jambo jingine linalowakatisha watu tamaa bure ni moto wa tarehe 12 Julai 1973 katika kituo cha kumbukumbu za watumishi wa jeshi huko St. Louis. Uliteketeza mafaili mengi sana ya jeshi la nchi kavu na la anga la Marekani. Mafaili ya jeshi la majini hayakuguswa. Ukiambiwa "yaliungua yote", omba hata hivyo.

4. Visome vitu vyenyewe. Hapa usiwe na haraka. Albamu nyingi huharibikia katika hatua hii, kwa sababu mtengenezaji hukimbilia kubandika kitu ambacho hajakisoma. Kaa na lenzi chini ya taa nzuri.

Anza na meli. Namba ya ubavuni au kwenye omo ina nguvu kuliko jina, maana majina hurudiwa. Kulikuwa na USS Lexington yenye namba CV-2 iliyozama Mei 1942 katika vita vya Bahari ya Coral, na nyingine, CV-16, iliyoanza kazi Februari 1943. Ukiandika "Lexington" tu chini ya picha, hujasema ni ipi. Katika mtindo wa Kimarekani CV ni manowari ya kubeba ndege, DD ni destroya na SS ni nyambizi. Waingereza na wengi waliofuata mtindo wao huweka herufi moja, kama D kwa destroya na F kwa frigeti, ikifuatwa na namba.

Utepe wa kofia huandikwa jina la meli kwa herufi za dhahabu. Lakini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mabaharia wa Uingereza walivaa utepe wenye "H.M.S." peke yake, ili adui asijue meli gani iko bandari gani. Kwa hiyo utepe usio na jina si kasoro. Unakupa kipindi, ila hautakupa meli, usiibuni.

Cheti cha kuvuka ikweta wengi hukiona kama mzaha kwa sababu ya michoro ya wafalme wa bahari na nguva. Kisome kwa makini. Kwa kawaida kina jina la meli, tarehe na longitudo ilipokuwa, wakati latitudo ni 00°00'. Ni hati chache za baharia wa kawaida zinazomweka mahali hasa baharini siku hasa.

Barua zisitenganishwe na bahasha zake. Muhuri wa mkaguzi wa barua, muhuri wa posta na anwani ya kikosi viko nje. Ukikuta kibarua kidogo kilichochapwa kama picha, maandishi yakiwa madogo kuliko kawaida, huenda ni V-mail ya Marekani, mfumo wa 1942 hadi 1945 ambao barua zilipigwa kwenye filamu ili kupunguza mzigo, kisha zikachapwa upya zilikofika.

Picha zitazame nyuma kabla ya mbele. Picha za rangi za zamani mara nyingi zina mwezi na mwaka kwenye ukingo mweupe. Huo ni mwezi wa kusafishwa, si wa kupigwa, na baharia aliweza kukaa na filamu ndani ya kamera miezi mingi hadi afike bandari yenye studio. Andika "ilisafishwa Julai 1962".

Sasa uwanja. Kadi ya matokeo isomwe kama alivyoisoma mpima muda. Muda wenye tarakimu moja baada ya nukta, kama 10.4, kwa kawaida ulipimwa kwa stopwochi ya mkononi. Wenye tarakimu mbili, kama 10.43, kwa kawaida ulitoka kwenye saa za kielektroniki. Tangu 1977 rekodi za dunia za mbio hadi mita 400 zimehitaji saa za kielektroniki, lakini michezo ya vikosi iliendelea na stopwochi muda mrefu baada ya hapo. Usigeuze 10.4 kuwa 10.40. Umeongeza usahihi ambao haukuwapo.

Umbali pia uache ulivyo. Yadi 100 ni mita 91.44, yadi 440 ni mita 402.34, na maili ni mita 1609.34. Aliyekimbia yadi 440 kwa sekunde 50.2 hakukimbia mita 400 kwa sekunde 50.2. Kama kadi ina herufi "y" baada ya umbali, iandike. Kwenye mita 100, mita 200, kuruka chini na miruko mitatu, angalia pia namba ndogo yenye alama ya kujumlisha au kutoa. Huo ni upepo kwa mita kwa sekunde, na ukizidi +2.0 matokeo hayahesabiki kwa rekodi. Ushindi unabaki ushindi, ila maelezo yako yataje upepo huo.

Beji au cheti chenye herufi CISM ni cha baraza la kimataifa la michezo ya majeshi, lililoundwa 1948. Moja ya mashindano yake ni pentathlon ya wanamaji, yenye sehemu tano: mbio za vizuizi, kuogelea kwa uokoaji, kuogelea kwa kazi za baharini, shindano la ustadi wa ubaharia, na mbio za nyika zenye kuvuka maji. Mtu aliyeshiriki hiyo ameunganisha maisha yake mawili ndani ya tukio moja. Mpe kurasa mbili nzima.

5. Skani kila kitu kabla ya kuchagua. Picha za karatasi ziskani kwa dpi (nukta kwa kila inchi) 600, nyaraka na magazeti kwa dpi 400, negativu za milimita 35 kwa dpi 3200 hivi. Hifadhi nakala kuu kama TIFF, na nakala za kutumia kama JPEG. Picha ya sentimita 10 kwa 15 kwa dpi 600 hufikia MB 25, hivyo vitu 100 mbele na nyuma vitakula GB 5 na zaidi. Zima kitufe cha kurekebisha rangi na cha kukata kingo, kwani kingo zina tarehe. Nyuma yenye maandishi iskaniwe pia.

Majina ya faili yaanze na mwaka: 1957-08-14_maili_kadi_mbele.tif. Kama hujui siku, andika 1957-08-00. Yatajipanga yenyewe kwenye folda. Halafu weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Flashi usiitegemee kama hifadhi, ni ya kusafirishia tu.

6. Chagua. Vitu 100 kwa kurasa 40 ni vingi vya kutosha. Kishawishi ni kujaza medali na picha rasmi za sare. Picha ya sare itoshe moja kwa kila cheo. Thamani kubwa iko kwenye vitu vinavyoonyesha siku ya kawaida: ukurasa wa daftari la mazoezi, ratiba ya zamu ya meli, picha ya watu wanakimbia mizunguko kwenye sitaha, menyu ya sikukuu yenye sahihi za wenzake. Kati ya picha sita za manowari ileile na kadi moja ya matokeo ambapo alitoka wa saba, chagua picha moja na hiyo kadi.

7. Panga bila kubandika. Tandaza karatasi zote mezani au sakafuni. Kila kurasa mbili zinazotazamana ziwe kipindi kimoja: mwaka, safari, au msimu. Chora kwa penseli mstari mwembamba wa miaka katikati ya kimo cha ukurasa. Mambo ya jeshi yakae juu yake, ya michezo chini, na yanayogusana yakae yameukalia. Acha sentimita 3 upande wa skurubu, la sivyo maandishi yatamezwa albamu ikifunguliwa. Piga picha mpangilio kwa simu, lala, utazame tena kesho yake.

8. Funga vitu. Picha hushikwa kwa vipembe pekee. Valisha picha vipembe vinne, iweke mahali pake, kisha bonyeza kipembe kimoja kimoja, ukiacha nafasi ya milimita 1 kila upande. Karatasi hutanuka hewa ikiwa na unyevu. Ukibana sana, picha itapinda katikati kama tanga. Gundi ya kipembe iguse ukurasa tu. Vipembe vya kulowesha, tumia sifongo yenye unyevu kidogo, si ulimi.

Kipande cha gazeti chenyewe kisiingie albamuni. Karatasi ya gazeti ina lignini na asidi, na itachoma kahawia picha iliyo ukurasa wa mbele yake. Chapa nakala kwa printa ya leza kwenye karatasi isiyo na asidi. Halafu funga nakala hiyo, na gazeti halisi liweke mfukoni peke yake ndani ya sanduku.

Hati iliyokunjwa isibandikwe ikiwa imekunjwa. Ifungue polepole, iweke kati ya karatasi mbili safi chini ya vitabu vizito siku mbili au tatu, ndipo uiweke mfukoni. Usipige pasi.

Namba za kifuani nyingi zinatosha ukurasa wa sentimita 30. Ziweke kwenye mfuko. Utepe wa kofia usiukunje katikati ya herufi, kwani nyuzi za dhahabu hukatika. Uviringe kwa ulegevu kwenye kijiti kilichofunikwa karatasi isiyo na asidi, uukalishe sandukuni. Chochote kinene kuliko milimita 3 kibaki sandukuni. Nishani, medali, vifungo vya sare na viatu vya misumari wakilisha kwa picha, na chini ya picha andika namba ya mfuko ulioko sandukuni.

Nishani na medali shika kwa glavu, kila moja mfukoni mwake. Usizisugue kwa dawa ya kung'arisha shaba. Kila ukisugua unaondoa chuma, na maandishi madogo ya ukingoni, ambayo mara nyingine ni jina na namba ya mwenyewe, ndiyo hutangulia kufutika.

9. Andika maelezo. Andika kwenye ukurasa, si kwenye picha. Nyuma ya picha ya karatasi ya zamani unaweza kuandika namba yake kwa penseli 2B, kwenye ukingo, picha ikiwa imelala juu ya kioo. Usiandike kwa kalamu ya bolpeni: hukandamiza, na maandishi hutokea mbele kwenye uso wa mtu. Picha zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli, basi andika kwenye mfuko.

Maelezo mazuri yanajibu nani, wapi, lini, nini, na umejuaje. Linganisha haya mawili:

*Baba akikimbia, jeshini.*

*Fainali ya maili, michezo ya kikosi, 14 Agosti 1957. Wa pili kutoka kushoto, namba 31. Alitoka wa 2, dakika 4:21.6, stopwochi. Meli iliondoka bandarini siku tatu baadaye. Chanzo: kadi ya matokeo na barua ya 20 Agosti.*

La pili halina neno la sifa hata moja, na ndilo linalomfanya msomaji arudi kuitazama picha. Cheo kiwe kile alichokuwa nacho siku hiyo, si cha mwisho alichofikia. Ambacho hujathibitisha, tia "inadhaniwa". Namba ya utumishi, namba ya kitambulisho cha taifa na majibu ya daktari yafunike kwenye nakala unazogawa au kuziweka mtandaoni. Nyaraka zenye muhuri wa siri zisisambazwe kabla ya kuuliza mamlaka husika, hata kama zimezeeka.

10. Hifadhi. Tandika karatasi laini kati ya kurasa, laza albamu chali ndani ya sanduku, na usiweke kitu kizito juu. Chumba kisichofika jua, chini ya nyuzi joto 21 ukiweza, unyevu wa hewa kati ya asilimia 30 na 50. Dari na stoo ya chini ni mahali pabaya zaidi nyumbani. Ifungue mara moja kila miezi sita, uinuse na uitazame.

Mambo yakikwama

*Picha imeganda kwenye ukurasa wa kunata.* Pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake kwa mwendo wa msumeno, ukianzia pembeni. Ukihisi uzi umekwama, acha. Skani ukurasa mzima, ukate ukurasa kuizunguka picha, uihifadhi hivyohivyo. Usitumie kikausha nywele, kwani joto hulainisha uso wa picha nao ukajibandika.

*Picha imeshikana na kioo cha fremu.* Usiivute. Iskani ikiwa kiooni, kisha itunze na kioo chake. Kuilowesha ni kazi ya mtaalamu wa uhifadhi, na picha iliyochapwa kwa printa ya wino itayeyuka.

*Negativu zina harufu ya siki.* Filamu yake ya asetati inaoza, na harufu hiyo huambukiza nyingine. Zitenge leo, ziskani wiki hii, ziweke mahali pa baridi. Zilizoandikwa "NITRATE" ukingoni ni za kabla ya mwanzo wa miaka ya 1950 na huwaka kwa urahisi mno. Usiziskani nyumbani wala kuzihifadhi humo, wasiliana na hifadhi ya nyaraka.

*Kuna kuvu.* Vaa barakoa, toa kitu kilichoathirika ukiweke peke yake, kikaushe mahali penye hewa na kivuli. Kikishakauka kabisa na vumbi lake kuwa unga, lipanguse kwa brashi laini ukiwa nje. Kuvu kibichi ukikipangusa unakipaka. Kisha pima unyevu wa chumba, kwa sababu ukizidi asilimia 65 kitarudi.

*Albamu imevimba haifungi.* Umeingiza vitu vinene, au mifuko yote imekaa pembe ileile. Hamisha vinene sandukuni, badilisha nafasi ya mifuko ukurasa kwa ukurasa, na weka vipande vya kadibodi isiyo na asidi upande wa skurubu ili mgongo ulingane na unene wa kurasa.

*Kadi ya matokeo inasema wa 1, gazeti linasema wa 2.* Weka vyote viwili ukurasa mmoja na uandike kila kimoja kimesema nini. Waandishi wa habari walichanganya mchujo na fainali mara nyingi, kwa hiyo angalia kwanza kama ni mbio moja kweli. Ukitafuta zaidi, jaribu programu ya mashindano yenyewe: watazamaji wengi waliandika matokeo kwa penseli palepale pembeni mwa majina, mbio zikiwa ndiyo kwanza zimeisha.

*Kuna mwaka mzima usio na kitu.* Acha ukurasa wake wazi, mstari wa miaka ukipita juu yake, na uandike meli na kituo kama unavijua. Albamu ya skurubu inasubiri. Bahasha ya mwaka huo inaweza kuwa kwa ndugu mwingine, au kwa familia ya yule mwenzake anayeonekana pembeni yake katika kila picha ya timu.